Geuza Daftari Ubavu

Ninyi mnaokuja kunisalimia hapa Mchinga na vyeti vyenu vipya vya ualimu, shikamoo na marahaba zikiisha swali lenu ni lile lile: mtoto asiyejua hesabu anafundishwaje? Nami huuliza: umejuaje kuwa hajui? Wengi hunijibu, "Nikimuuliza hajibu, Mwalimu." Haya. Tuanzie hapo. Nimestaafu, sina tena mkuu wa kumwogopa, na hata nilipokuwa naye sikumwogopa sana.

Kwanza, acheni kuitikiwa. Mwalimu anasimama ubaoni, "Saba mara sita?" Darasa zima linajibu, "Arobaini na mbiliii." Mwalimu anafurahi, anaandika kwenye andalio la somo kwamba lengo limefikiwa. Ile si hesabu, ile ni kwaya. Ukitaka kujua nani yumo na nani hayumo, ziba masikio utazame midomo. Yuko anayeanza na wenzake. Yuko aliyefunga mdomo, huyo ni mkweli, mshukuru. Na yuko anayepaza sauti kuliko wote lakini nyuma kidogo, kama mtu aliyekuta dua imeshaanza: anangoja "amin" ya jirani ndipo atoe yake.

Mtoto wangu wa nyuma kidogo alikaa dawati la pili kutoka dirishani, darasa la tatu, katika shule ya vijijini kati ya Kilwa na Lindi ambayo sitaitaja. Sauti yake ilifika barabarani. Nilipomwita peke yake, nikamwandikia ishirini na tano jumlisha kumi na nane, akaandika tano chini ya moja, na nane akaipeleka pembeni ambako haikuwa na jirani. Nikamwambia asome alichoandika. Ile ishirini na tano akaisoma hamsini na mbili. Nikaweka mezani njiti za fagio ishirini na tano, nikaongeza kumi na nane, nikamuuliza ziko ngapi. Akazipanga kwa vidole, hakuharakisha, akasema, "Arobaini na tatu." Sahihi kabisa.

Basi tatizo si idadi. Idadi alikuwa nayo mikononi. Tatizo ni tarakimu kwenye karatasi: zilimtoroka, zilibadilishana viti, zilipanda na kushuka. Wapo watoto wa namna hiyo katika kila darasa mtakalopewa. Si wajinga, si wavivu, na hawajarogwa. Nasema hili la mwisho kwa sababu mtaambiwa.

Wakati huo mtoto aliitwa Hamisi. Likizo ya mwisho wa mwaka mama yake akampeleka Miteja kwa ndugu zake, akaingia jandoni na binamu zake. Aliporudi Januari kuanza darasa la nne, amenyolewa, ana shati jipya, anatembea kama mtu aliyekabidhiwa mji, jina lake lilikuwa Mshamu. Kwa wageni miongoni mwenu nieleze. Kwa watu wake, mvulana akitoka jandoni jina la utoto analiacha huko huko. Ukimwita nalo umemtukana, na akikuitikia amejitukana mwenyewe. Tena hakai tena na wasungo, yaani wale ambao hawajaingia jandoni. Hali nao sahani moja, hachezi nao, hawamwoni akilia. Mnaweza kucheka. Lakini mkifundisha huku bila kujua hayo, mtawapoteza watoto bila hata kujua mmewapotezea wapi.

Januari hiyo hiyo tukaletewa mkuu mpya, Mwalimu Kapinga, kutoka upande wa Songea. Mtu safi, mchapakazi, anakagua hata ndoo za maji ya kunawa. Alitaka shule ipande, maana darasa la nne lina mtihani wa taifa na shule yetu ilikuwa imezoea mkiani. Akaanza kupita madarasani na daftari la mahudhurio mkononi.

"Hamisi."

Kimya.

"Hamisi yupo?"

Mshamu akatazama dirisha. Wenzake wakamtazama yeye, wakainama. Hakuna aliyethubutu kumsaidia, wangemwaibisha zaidi. Mkuu akamfuata mpaka kwenye dawati, akamwonyesha swali la kuzidisha, mtoto akaandika tarakimu zake zinazotembea. Mkuu akarudi ofisini ameshaamua.

"Bi Salma," aliniambia, "yule mtoto hata jina lake halijui."

"Jina lake analijua, Mwalimu. Wewe ndiye humjui."

Nikamweleza habari ya jando. Alisikiliza, ni mtu wa kusikiliza, kisha akasema, "Sawa, mila naiheshimu. Lakini hesabu haina jando. Mtoto yuko la nne hawezi kupanga tarakimu. Alishakariri la pili mara moja, hakuiva. Anarudi la pili akaive."

"Akakae na wasungo?"

"Akakae na wanaojifunza kujumlisha."

"Ukimrudisha, hutamwona la pili wala la nne. Utaona dawati."

"Bi Salma, mimi nina darasa zima la kulinda."

"Na yeye ni nani katika hilo darasa zima?"

Alisema tu kwamba mtoto akae kwangu mpaka mtihani wa muhula. Akipata nusu ya maswali ya hesabu, kwa karatasi ile ile ya wenzake, muda ule ule, atabaki. Asipopata, muhula wa pili anaanzia la pili.

Jioni ile mjomba wake akanikuta njiani. Huku mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, na Mjomba Chande alikuwa na maneno mengi. Ana mikorosho kuelekea Kiswere na hana subira na walimu.

"Mwalimu, nasikia mnataka kumrudisha mwanaume kwa watoto."

"Mimi sitaki."

"Lakini mtafanya."

"Sijasema."

"Basi nakwambia mimi. Siku mtakayomkalisha na wasungo, siku hiyo hiyo namchukua shambani. Korosho haiulizi mtu kidato gani."

"Mjomba, nipe muhula huu."

"Muhula mnao ninyi, sisi tuna misimu." Akacheka peke yake, kisha akaniangalia vizuri. "Haya. Muhula. Lakini asiaibishwe, Mwalimu. Kama hajui, mwambie hajui mkiwa wawili."

Hilo la mwisho ni somo la ualimu, liandikeni.

Sasa kazi. Msidhani nilikuwa na chumba maalumu au vifaa kutoka wilayani. Nilikuwa na ubao niliousugua mwenyewe kwa mkaa na majani ya viazi ili chaki ionekane, na darasa lililojaa mpaka mlangoni. Katika darasa hilo Mshamu hakuwa peke yake. Tatu, binti wa pale mbele, alisikia kwa sikio moja tu. Nilimhamishia upande ambao sikio lake zima linanielekea, na nikajizuia kuzungumza nikiwa nimeupa ubao uso. Mwalimu anayeongea na ubao anafundisha ubao. Kulikuwa na waliomaliza kila kitu mapema na kuanza kupigana mateke chini ya dawati. Hao nao wana hitaji lao, msiwaache.

Vifaa vya kuhesabia nilianza na korosho zilizobanguliwa. Msirudie. Tulihesabu kumi, nikasema toa tatu, zikabaki nne, na darasa lote lilikuwa na uso wa dini. Korosho zenye ganda bichi sikuzigusa, mnajua mafuta yake yanavyobabua ngozi. Kokoto zilirushwa. Mwisho nikarudi kwenye njiti za fagio: haziliwi, hazibingiriki, na kumi zinafungika kwa ukindu zikawa kicha kimoja. Kila mtoto akaleta zake, na ufagio wa nyumbani ukapungua. Nilipata malalamiko ya akina mama kadhaa.

Lakini njiti zinafika mahali zinakwama. Huwezi kuzidisha thelathini na sita kwa nne ukiwa na msitu juu ya dawati. Ilibidi mtoto avuke kutoka kitu cha kushika hadi alama ya kuandika, na pale kwenye kivuko ndipo Mshamu alipokuwa akizama. Maneno ya kitabuni, "mamoja, makumi, mamia", kwake yalikuwa kelele. Nikaanza kutafuta: ni wapi katika maisha yao vitu kumi vinakuwa kitu kimoja?

Jibu lilikuwa linapita barabarani kila siku likisalimiwa. Balozi wa nyumba kumi. Hakuna mtoto kijijini asiyemjua balozi wake. Nyumba zikitimia kumi, zina balozi. Nikachora ubaoni safu tatu. Kulia nyumba, katikati mabalozi, kushoto mwenyekiti. Sheria ni moja: nyumba zikifika kumi hazikai tena pale, zinahesabiwa balozi mmoja, naye anahamia safu yake. Mabalozi wakifika kumi, wanapata mwenyekiti mmoja. Najua serikali haijapangwa hivyo hasa. Hesabu yangu ilihitaji mwenyekiti nikamteua.

Darasa likachangamka. Kwenye kutoa ndiko kulikonoga. Mia moja toa saba: safu ya nyumba ni tupu, unataka saba, utazitoa wapi? Mmoja akasema, "Tumwombe mwenyekiti." Nikasema mwenyekiti hashughuliki na nyumba, anaanzia kwa mabalozi. Basi mwenyekiti anavunjwa wanakuwa mabalozi kumi, balozi mmoja anavunjwa zinakuwa nyumba kumi, ndipo unachukua saba zako. "Ah, kama kugonga muhuri," akasema Tatu, na wote wakaelewa, maana kila mmoja amewahi kumsindikiza mzazi kutafuta muhuri.

Ikabaki karatasi. Mshamu sasa alijua nani anakaa wapi, ila kalamu yake ilikuwa haijui. Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho hakigharimu chochote na ambacho bado naona walimu hawakifanyi. Nilichukua daftari lake la mistari nikaligeuza ubavu. Mistari iliyokuwa imelala ikasimama. Ikawa safu. Nyumba katika njia yake, balozi katika njia yake, mwenyekiti katika njia yake, na mstari kati yao kama uzio. Akaandika ishirini na tano jumlisha kumi na nane, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, tano ikakaa juu ya nane.

Akaitazama kitambo. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Leo hawajahama."

Nikampa maswali machache kuliko wenzake, magumu sawasawa na yao. Shikeni tofauti hiyo. Mtoto anayebeba mzigo mara mbili mpunguzie safari, usimpunguzie mzigo ukamfanya mdogo. Maswali ya maneno nilimsomea kwa sauti. Vidole niliruhusu. Mkuu akapita dirishani, akaona madaftari yamegeuka, kwa maana sasa nusu ya darasa walikuwa wameiga, akaniita.

"Bi Salma, mwongozo wa somo unasema wote wafanye kazi moja."

"Wanafanya kazi moja. Wanatumia njia mbalimbali."

"Unawabeba. Kwenye mtihani utaenda kuwageuzia daftari?"

"Mwalimu, minazi ya huku imekatwa vidato ili mtu aweke mguu. Anayepanda kwa vidato, dafu lake si dafu?"

"Mtihani hauna vidato," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaamini.

Mtihani ukafika. Mkuu akasimamia mwenyewe, mimi nikapangiwa darasa jingine, jambo ambalo nililitegemea. Maswali yamechapwa, na karatasi ya kufanyia hesabu ikatolewa: nyeupe, haina mstari hata mmoja. Iwapo alifanya makusudi au ndizo zilizokuwepo ofisini, sikuwahi kumuuliza. Nilipoona bunda lile likipita koridoni nilijua kuwa ukigeuza karatasi nyeupe ubavu, unapata karatasi nyeupe.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa na Tatu. Mshamu alikaa ameitazama karatasi yake mpaka wenzake wakafika swali la tatu. Kisha akaikunja. Akaikunja tena, na tena, akipitisha ukucha kila kunjo kama mtu anayekunja ukindu kuanza jamvi. Akaikunjua. Ikawa na njia. Akaanza kuandika.

"Mkuu akamjia," Tatu alisema. "Akasimama pale. Sisi tukajua anamnyang'anya."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Aliondoka akaenda kusimama mlangoni."

Mkuu akasahihisha. Akaniita ofisini, karatasi ziko mezani. "Bi Salma, nisikufiche. Amenishangaza. Lakini amepungukiwa swali moja kufika nusu."

Nikaomba kuiona. Huwa naangalia makosa kabla ya alama. Nanyi jizoezeni, alama ni uvumi, kosa ndilo habari yenyewe. Swali la kumi, thelathini na sita mara nne. Mia moja arobaini na nne, imeandikwa wazi, imekatwa kwa wino mwekundu.

"Hii imekosa nini?"

"Njia. Swali linasema onyesha njia. Ameandika thelathini na sita mara nne, moja chini ya nyingine, na vinukta. Si kuzidisha, ni kujumlisha. Pengine amepata kwa bahati."

"Mwite akueleze."

"Mtihani umekwisha."

"Bahati ni ya siku moja, Mwalimu. Kama ni bahati, leo hatakuwa nayo. Mwite."

Mshamu akaja, akasimama mikono nyuma. Nilikaa mbali, nikafunga mdomo, na kwangu hiyo ni kazi. Mkuu akamwonyesha. "Hapa ulifanya nini?"

Mtoto akanitazama. Sikutikisa hata nyusi.

"Nyumba sita mara nne ni ishirini na nne," alianza. "Zina mabalozi wawili, wanahama, nyumba nne zinabaki. Mabalozi watatu mara nne ni kumi na wawili. Na wale wawili waliohama, kumi na wanne. Kumi wanapata mwenyekiti, wanne wanabaki." Akaweka kidole kwenye kila njia ya kunjo. "Mwenyekiti mmoja, mabalozi wanne, nyumba nne."

"Kwa nini hukuandika alama ya kuzidisha?"

"Ipo kwenye swali, Mwalimu."

Mkuu akavua kofia yake, akaikung'uta vumbi ambalo halikuwepo. "Mabalozi," akasema. "Sasa na hamsini na nane mara tatu?"

Mshamu akainama sakafuni, akachora njia tatu kwa kidole kwenye vumbi, vumbi hilo lilikuwepo. Alikwenda polepole mno. Wa kwanza wangu darasani angekuwa ameshamaliza na kuanza kupiga mateke. Mkuu alitaka kusema kitu mara mbili, mara mbili nikakohoa.

"Mia moja sabini na nne."

"Nenda darasani," mkuu akamwambia. Mimi akaniambia atafikiri, maana akikubali hii atalazimika kupitia upya karatasi za wengine waliokatwa kwa kosa hilo hilo. Nikamwambia ndiyo, atalazimika. Tukaachana bila kukubaliana, shule ikafungwa.

Najua mnachotaka niwaambie: kwamba Mshamu leo ni mhandisi. Si mhandisi. Yuko sekondari, hesabu bado inamtoa jasho, na bado anakunja karatasi. Mtoto hafundishwi ili baadaye awe ushahidi wa mwalimu wake. Anafundishwa kwa kuwa yupo darasani. Wakija kuwaambia kwamba kumpa mtoto njia yake ni kumpendelea, kataeni. Wakisema hamna muda, waonyesheni daftari lililogeuzwa, waulizeni imechukua muda gani. Wakisema darasa ni kubwa mno, semeni kweli ni kubwa, jengeni jingine, na mpaka litakapojengwa huyu harudi nyuma. Mtaitwa wabishi. Mimi niliitwa mpaka nikastaafu nalo.

Wiki zile za likizo Mjomba Chande alinitumia salamu kwamba mapanga yamenolewa, mawili.

Jumatatu ya kufungua shule alikuja na Mshamu mpaka kwenye uwanja, akasimama nyuma ya mstari, panga kwapani, tayari kuondoka na mtu wake. Mkuu alikuwa anaita majina darasa kwa darasa kuona nani amerudi. Akaita la kwanza. Akaita la pili, na pale nilishindwa kutazama. Nilisikiliza tu majina ya wadogo yakipita mpaka likaisha. Akaita la tatu. Akafungua la nne.

"Halima."

"Nipo."

"Hamisi."

Kimya, kama Januari. Mkuu akainua macho kutoka kwenye daftari la mahudhurio. Mstari wote wa darasa la nne ulikuwa unatazama chini. Akafunga kidole chake katikati ya kurasa, akatazama mahali mtoto aliposimama, kati ya wenzake, hakuna msungo hata mmoja karibu naye.

"Mshamu," akasema.

"Nipo." Wala hakuwa nyuma kidogo.